Galliano na Dior: namna ya kusimulia kisa cha mbunifu aliyetimuliwa bila kukivuruga

Ukifundisha ushonaji, mwaka hauishi kabla hujaulizwa habari za John Galliano, mbunifu wa mavazi aliyetimuliwa na Dior, nyumba ya mitindo ya Paris. Mimi nashona magauni ya harusi na ya sendofu, na jioni napokea vijana wanaotaka kujua kukata. Wakishaziona picha za kazi zake kwenye simu, maswali yanaanza: "Mwalimu, fundi kama huyu mbona alifukuzwa?" Kabla sijafungua mdomo, mmoja ameshajibu kwamba ni kwa sababu ya video. Mwingine anasema alifungwa jela. Wa tatu anaapa kwamba matajiri walimwonea wakamnyang'anya kazi. Aliyetaja video amekaribia, wengine wawili wako mbali.

Nimeandika haya kwa ajili ya yeyote atakayesimama mbele ya darasa, au atakayekaa kuandika, na kukieleza kisa hiki bila kukivuruga. Si kisa kigumu. Ugumu wake ni kwamba kina mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: maneno ya mtu, mali ya kampuni na mikono ya mafundi. Lifungue fundo kwanza, ndipo usimulie.

Anza na tarehe

Chukua karatasi, chora mstari kutoka juu hadi chini, uandike tarehe kushoto. Usiruke hatua hii hata kama unajiona unajua kila kitu. Mambo yalikwenda kasi mno, na watu wengi huyapanga kinyume.

Jioni ya Alhamisi tarehe 24 Februari 2011, Galliano alikamatwa na polisi mjini Paris baada ya ugomvi kwenye mkahawa uitwao La Perle, mtaa wa Le Marais. Waliokuwa meza ya jirani walimshtaki kwa matusi ya kibaguzi, yakiwemo ya chuki dhidi ya Wayahudi. Ijumaa tarehe 25, Dior ikamsimamisha kazi. Jumatatu tarehe 28, gazeti la Uingereza la The Sun likatoa video inayomwonyesha amelewa, ameketi mezani, akisema anampenda Hitler. Siku hiyohiyo mwigizaji Natalie Portman akatoa tamko kwamba amechukizwa na hataki kuhusishwa tena na Galliano. Portman ni Myahudi, mzaliwa wa Jerusalem. Wakati huo alikuwa sura ya matangazo ya manukato ya Dior, na usiku uliotangulia tu alikuwa ameshinda tuzo ya Oscar. Jumanne tarehe 1 Machi Dior ikatangaza kwamba imeanza taratibu za kumwachisha kazi. Jumatano akaomba radhi kwa maandishi. Ijumaa tarehe 4 Machi onyesho la Dior likafanyika kama lilivyopangwa, yeye akiwa hayupo.

Hesabu mwenyewe. Kati ya kusimamishwa na onyesho ni wiki moja. Kazi ya miaka zaidi ya 14, kwa maana alitangazwa Dior Oktoba 1996, iliporomoka ndani ya muda ambao mimi huomba kwa mteja ili nimalizie kudarizi kifua cha gauni.

Usisimulie video kama ndiyo kesi

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ile video iliyozunguka dunia ilikuwa ya tukio jingine, la kabla ya Februari, na haikuwa sehemu ya mashtaka. Kesi ilihusu matukio mawili: la tarehe 8 Oktoba 2010 na la tarehe 24 Februari 2011, yote La Perle. Kwa hiyo weka mistari miwili kwenye karatasi yako. Mmoja uandike mambo yaliyoifanya kampuni imtimue, na hapo video ina uzito mkubwa. Wa pili uandike mambo yaliyomfikisha mahakamani, ambako video haimo.

Kesi ilisikilizwa Juni 2011. Galliano alieleza kwamba alikuwa mtumwa wa pombe, dawa za usingizi na dawa za kutuliza, na kwamba hakumbuki yaliyotokea. Tarehe 8 Septemba mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa matusi ya hadharani yenye misingi ya asili, dini au rangi ya watu. Adhabu yake ilikuwa faini ya yuro 6,000, nayo ilisitishwa, maana yake asingeilipa ila akirudia kosa. Fidia ya walalamikaji iliwekwa kwa ishara tu, yuro 1 kila mmoja. Sheria ingeruhusu hadi miezi 6 gerezani na faini ya yuro 22,500. Kwa hiyo anayesema alifungwa, mrekebishe kwa upole. Anayesema hakupatikana na hatia, naye mrekebishe, kwa upole kidogo zaidi ya hapo.

Yale matusi yenyewe huna haja ya kuyarudia neno kwa neno. Msikilizaji ataelewa ukimwambia yalimlenga nani na yalitukana nini. Mimi darasani sijawahi kuyatamka, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kutoka hajaelewa.

Eleza mahali na historia, lakini kwa kifupi

Msikilizaji asiyeijua Paris anaweza kuona ni kelele za mlevi tu, basi. Mpe vitu viwili. Cha kwanza, Le Marais ni mtaa ambao Wayahudi wameishi kwa karne nyingi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili wengi wao walikamatwa humohumo wakapelekwa kwenye kambi za mauaji. Cha pili kinaihusu familia ya Dior yenyewe. Christian Dior alikuwa na dada yake mdogo, Catherine, aliyepigana kwa siri dhidi ya Wajerumani. Alikamatwa mwaka 1944, akateswa, akapelekwa kambi ya Ravensbrück, akarudi hai. Manukato ya kwanza ya nyumba hiyo, Miss Dior ya mwaka 1947, yanahusishwa na jina lake. Halafu sura ya manukato hayo mwaka 2011 ni mwanamke wa Kiyahudi. Ukishaviweka vitu hivi pamoja, hakuna atakayekuuliza kwa nini kampuni haikusubiri hukumu.

Kuna kashfa nyingine ya zamani ambayo watu huichomeka hapa. Januari 2000 Galliano alionyesha mavazi ya Dior yaliyochukua sura kutoka kwa watu wasio na makazi wa Paris, matambara na magazeti, na watu wakaandamana. Iache huko iliko. Ile ilikuwa kashfa ya nguo, hii ya 2011 ni ya maneno dhidi ya watu. Ukizichanganya utamfanya msikilizaji aamini alifukuzwa kwa kuwa mbunifu jasiri, na hilo ni uongo unaompendeza kila mtu.

Uliza jina ni la nani

Sasa fuata mali, na twende taratibu, maana sehemu hii ndiyo inayowanyima usingizi wanafunzi wangu wenye ndoto ya kufungua duka kwa jina lao.

Christian Dior alianzisha nyumba yake mwaka 1946 na onyesho la kwanza likawa Februari 1947. Alifariki mwaka 1957, lakini jina halikufa naye. Lilipitia kwa Yves Saint Laurent, aliyelipokea akiwa na miaka 21, kisha Marc Bohan, kisha Gianfranco Ferré, ndipo Galliano. Tangu 1984 jina hilo liko mikononi mwa mfanyabiashara Bernard Arnault. Ndiye aliyemweka Galliano kwanza kwenye nyumba yake nyingine ya mitindo, Givenchy, mwaka 1995, kisha akamhamishia Dior. Kwa lugha ya mtaani, Galliano alikuwa fundi mkuu kwenye duka la mtu.

Hadi hapo hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba lebo iliyoitwa John Galliano, yenye jina lake mwenyewe, nayo sehemu kubwa ya hisa zake zilikuwa mali ya Dior. Aprili 2011 akaondolewa huko pia. Nguo za John Galliano ziliendelea kutengenezwa na kuonyeshwa chini ya Bill Gaytten, msaidizi wake wa miaka mingi, wakati John Galliano mwenyewe hana ruhusa ya kuzigusa.

Nikifika hapo darasa hunyamaza. Binti mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo angefungua duka jipya, angeliita nani?" Nikamwambia ndiyo hilo swali la kumuuliza mwanasheria siku utakapoletewa karatasi ya kusaini, kabla hujapiga picha na mwekezaji.

Ukieleza sehemu hii, ongeza habari ya mkoba. Galliano ndiye aliyebuni mkoba wa Dior wenye umbo la tandiko la farasi, uliotoka mwishoni mwa miaka ya 1990 na kubebwa na kila nyota wa wakati huo. Mwaka 2018, miaka saba baada ya kumtimua, Dior iliurudisha sokoni kwa kishindo. Mtu aliondoka, mkoba ukabaki. Mauzo nayo hayakuanguka: mwaka 2011, mwaka wa kashfa wenyewe, biashara ya Dior Couture, yaani upande wa mavazi na mikoba, ilikua na kufika takriban yuro bilioni 1.

Kabla ya kusifu kipaji, onyesha kipaji ni nini

Watu husema "alikuwa na kipaji" kama wanavyosema "poleni na safari". Ukitaka kisa kiwe na uzito, mwonyeshe msikilizaji kilichopotea, na kwa Galliano njia fupi ni kukata mshazari.

Chukua kanga. Ishike pindo mbili zinazotazamana, vuta. Haiendi popote, kwa sababu unavuta kufuata uzi. Sasa shika pembe moja na ile inayoikabili upande wa pili, vuta tena. Kitambaa kinanyumbuka, kinajinyonganyonga, kinataka kukushika mkono. Gauni lililokatwa kwa kuufuata mwelekeo huo huushika mwili bila pensi, ile mikunjo inayoshonwa kubana nguo, wala zipu ndefu. Linalala juu ya nyonga, halafu chini linamwagika. Madeleine Vionnet wa Paris aliikuza mbinu hii kwenye miaka ya 1920, na Galliano aliirudisha kwenye midomo ya watu. Onyesho lake la Machi 1994, akiwa hana fedha, lilikuwa na mavazi 17 tu, mengi ya kitambaa cheusi kilekile, yakionyeshwa ndani ya nyumba ya mtu aliyewaazima. Desemba 1996 Princess Diana alivaa New York gauni lake la kwanza la Dior, la buluu nzito lenye lasi kifuani, laini kama nguo ya kulalia.

Shida ya mshazari anaijua aliyeshona. Kitambaa hakitulii. Ukikata pindo siku hiyohiyo, kesho upande mmoja umeshuka vidole vitatu. Lazima ulitundike gauni usiku kucha, uzito wake wenyewe ulivute, ndipo mteja avae, asimame wima, na wewe upige magoti sakafuni na rula kupima kutoka chini kwenda juu, pini baada ya pini. Mshono wenyewe haupigwi kwa kuvuta, unauacha mguu wa cherehani utembee polepole na uzi uwe legevu kidogo, la sivyo utakatika mara ya kwanza bibi harusi anapoketi. Hiyo ni kazi ya watu wengi. Mbunifu anachora na kuona, lakini anayepiga magoti ni mtu mwingine.

Ukifika hapa mwanafunzi mjuaji atakumbusha kwamba onyesho la kwanza la Galliano huko Dior, Januari 1997, lilikuwa na mapambo ya shanga yaliyochukuliwa kutoka kwa Wamasai. Ni kweli. Mpongeze, mwambie hilo lina kikao chake, uendelee.

Itazame video ya tarehe 4 Machi

Kama una intaneti, video ya kuonyesha ni hii, si ile ya mkahawani. Ni onyesho la nguo za redimedi za Dior, lililofanyika kwenye viwanja vya Jumba la Makumbusho la Rodin. Kwanza anapanda jukwaani mkurugenzi mkuu, Sidney Toledano, anasoma tamko: uchungu wa kampuni, misimamo yake, na kwamba moyo wa Dior ni mafundi wasioonekana. Kisha wanamitindo wanapita. Mwishoni, pale ambapo kwa miaka yote Galliano alikuwa akitoka amevaa kama haramia, mpigana na mafahali au mwanaanga, wanatoka watu wa karakana. Wamevaa makoti meupe ya kazini. Wamejipanga jukwaani, wengine hawajui mikono waiweke wapi. Ukumbi unawapigia makofi.

Mimi nikiitazama nafurahi na nakasirika kwa pamoja. Nafurahi kwa sababu nawajua watu wale bila kuwajua: wa karakana ya magauni laini, wa karakana ya makoti na suti, wanaoshona kwanza kwa kitambaa cha marekani, wanavisha sanamu, wanafumua, wanaanza upya, kabla kitambaa chenyewe hakijaguswa. Ili nyumba iruhusiwe kisheria kutumia jina la haute couture, yaani ushonaji wa hali ya juu kwa kipimo cha mteja, Ufaransa, tangu 1945, lazima iwe na karakana mjini Paris yenye mafundi wa namna hiyo na ionyeshe kazi mara mbili kwa mwaka. Bila wao hakuna jina. Nakasirika kwa sababu ilihitajika fedheha ya bosi ili watolewe mbele wapigiwe makofi. Mwambie msikilizaji wako yote mawili. Kampuni ilikuwa inawashukuru, na kampuni hiyohiyo ilikuwa inajificha nyuma yao.

Halafu usiishie hapo kwenye makofi, kwa sababu Julai 2011 mafundi walewale walionyesha mavazi ya couture chini ya Bill Gaytten na wahakiki wakayachana. Ufundi ulikuwepo, mishono ilikuwa safi. Kilichokosekana ni mtu wa kusema hapana: hili toa, hili ongeza, haya mawili hayakai pamoja. Nyumba ilikaa bila mkuu hadi Aprili 2012 alipotajwa Raf Simons kutoka Ubelgiji. Mwezi huohuo wa Julai 2011, Galliano akiwa hana kazi, mwanamitindo Kate Moss aliolewa akiwa amevaa gauni alilomshonea. Viweke vitu hivi viwili sambamba kwenye karatasi, msikilizaji atajaza mwenyewe.

Usimwache njiani

Kisa kisiishie kwenye kufukuzwa. Mwaka 2012 alivuliwa nishani ya Ufaransa ya Légion d'honneur aliyopewa mwaka 2009. Kabla ya hapo, mwaka 2011, alikuwa amekwenda Marekani kutibiwa ulevi. Mwaka 2013 mbunifu mwenzake Oscar de la Renta alimkaribisha kwa wiki chache kwenye studio yake New York. Oktoba 2014 akapewa kuongoza nyumba ya mitindo ya Maison Margiela, na huko alikaa miaka kumi. Onyesho lake la Januari 2024 chini ya daraja la Alexandre III, Paris, liliwafanya watu wa mitindo wasahau kupumua. Aliondoka Desemba 2024, safari hii kwa heri.

Novemba 2014 mahakama ya kazi ya Paris ilitupilia mbali madai yake kwamba Dior ilimwachisha isivyo halali. Anayedai alionewa na matajiri aonyeshwe mstari huo, na karibu yake uandike jina la Saint Laurent. Yeye aliipoteza Dior mwaka 1960 alipoitwa jeshini, akaugua, akakuta nafasi yake ina mtu. Aliishtaki Dior, akashinda, kisha akafungua nyumba yake. Nyumba ni ileile, wote wawili walikwenda kudai haki yao, mmoja akapata na mwingine akakosa. Tofauti iko kwenye sababu ya kuondolewa, na ndiyo maana tulianza na karatasi ya tarehe.

Kuhusu toba yake, mimi sina mizani ya kupimia moyo wa mtu. Nasema anachoonekana kufanya: alikiri hadharani, alitibiwa, alikutana na viongozi wa Kiyahudi. Waliotukanwa ndio wenye ruhusa ya kusamehe, na wengine hawajasamehe. Ila usikubali mtu aseme "aliteleza ulimi". Mahakama ilimtia hatiani kwa siku mbili tofauti, na video ni tukio jingine tena. Pombe inaeleza jambo, lakini chuki dhidi ya Wayahudi na watu wa asili nyingine haikutungwa na pombe.

Ukishamaliza na karatasi ya Galliano, chukua nyingine ujaribu kwa mtu mwingine wa Dior. Raf Simons aliyeondoka Oktoba 2015, au Maria Grazia Chiuri, mwanamke wa kwanza kuongoza ubunifu pale, aliyeingia 2016 na kuondoka Mei 2025 kumpisha Jonathan Anderson. Safu ni zilezile: tarehe, mwenye jina, mwenye mikono, mahakama. Kwa hawa wawili safu ya mahakama itabaki tupu. Iache tupu hivyohivyo, usitafute kashfa ya kuijazia.